Pouvanaa a Oopa: fundi seremala wa Tahiti aliyeshinda kura, akafungwa na kupelekwa mbali na visiwa vyake

Tarehe 30 Novemba 1968, mzee wa miaka 73 alirudi Tahiti, katikati ya Bahari ya Pasifiki, baada ya miaka mingi ya gereza na uhamisho huko Ufaransa. Watu wengi walitoka kwenda kumpokea. Vijana waliokuwa watoto wadogo siku alipokamatwa walikuwa wanamuona kwa mara ya kwanza. Jina lake ni Pouvanaa a Oopa, lakini wakaaji wa visiwa walizoea kumuita Metua, maana yake mzazi, kama vile kwetu mtu anavyoitwa Baba au Mzee bila kuongeza jina lingine.

Huyu hakuwa mtoto wa mtemi wala mtu wa masomo makubwa. Alikuwa fundi seremala. Aliishi kwa randa na msumeno, akijenga na kutengeneza vitu vya watu, na Kifaransa chake kilikuwa cha shida. Hata hivyo alisimama kwenye uchaguzi mbele ya wachungaji, matajiri na watu wa serikali, akawashinda. Yaliyomkuta baada ya ushindi huo yalichukua miaka 60 kunyooshwa mahakamani, na kufikia siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa kaburini.

Pouvanaa alizaliwa tarehe 10 Mei 1895 katika kisiwa cha Huahine, kilometa karibu 170 kutoka Tahiti. Visiwa vile Ufaransa ilivichukua nyuma ya Tahiti, na wakaaji wake walikataa kwa miaka mingi kuwekwa chini ya bendera yake. Tofauti hiyo ilibaki hata kwenye sheria. Mtu wa Tahiti alihesabiwa kuwa raia wa Ufaransa, lakini mtu wa Huahine alikuwa mtawaliwa tu, chini ya sheria za wenyeji, mpaka mwaka 1945. Wazee wa Kongo waliokua wakati wa Wabelgiji wanajua vizuri maana ya kuwa na sheria mbili ndani ya inchi moja.

Kitabu alichokisoma kuliko vyote kilikuwa Biblia. Wamisionari Waprotestanti kutoka London walifika Tahiti mwaka 1797, na Biblia nzima kwa Kitahiti ilichapwa mwaka 1838. Kwa hiyo katika visiwa hivyo hata mtu asiyejua Kifaransa aliweza kusoma na kuandika lugha yake. Pouvanaa aliifahamu Biblia ile karibu kwa moyo. Baadaye, kwenye mikutano ya siasa, aliongea kwa mifano ya Musa, ya Farao na ya manabii, na mvuvi aliyekaa nyuma kabisa alielewa anasema nini kuhusu gavana bila gavana kutajwa. Wapinzani wake walimcheka, wakasema ni mhubiri aliyepotea njia. Kicheko hicho kiliwagharimu sana siku ya kura.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alijitolea kwenda kupigana Ufaransa katika kikosi kilichochanganya Watahiti na Wakanaki wa Kaledonia Mpya. Alirudi na heshima ya askari wa zamani, akashika tena kazi yake ya mbao. Mwaka 1940, Ufaransa iliposhindwa na Wajerumani, Brazzaville iliingia upande wa Jenerali de Gaulle tarehe 28 Agosti, na Tahiti ikafuata siku chache tu nyuma, tarehe 2 Septemba. Pouvanaa alikuwa kati ya waliounga mkono Ufaransa Huru tangu mwanzo. Hili lishikwe akilini, kwa sababu miaka 18 baadaye ni mtu huyu huyu aliyeitwa adui wa Ufaransa, na serikali ya de Gaulle huyo huyo.

Ugomvi wake na utawala ulianza na mambo ya tumbo. Wakati wa vita meli zilikuwa chache, na bidhaa za dukani zilipungua. Pouvanaa aliona kwamba unga, vitambaa na vitu vingine havigawanywi kwa haki, kwamba wakubwa na wafanyabiashara wa Papeete wanapata kwanza, na kwamba kuna watu wanaotajirika kwa shida ya wenzao. Aliyasema hadharani, akayaandika. Mwaka 1942 utawala ulimkamata na kumrudisha kwao Huahine, akae huko chini ya ulinzi.

Hakukaa. Aliingia ndani ya mtumbwi, akavuka bahari mpaka Bora Bora, ambako Wamarekani walikuwa wamefungua kambi yao mwaka 1942. Alitaka kuwaeleza Wamarekani jinsi watu wa visiwa wanavyotendewa. Wamarekani hawakutaka matata na Wafaransa, na mwisho alirudishwa mikononi mwa utawala. Lakini habari ya mtumbwi ule ilitangulia kila mahali alipokwenda tena. Katika visiwa, mtu anayevuka bahari kwenda kushitaki serikali hasahauliki.

Vita ilipokwisha, mambo mawili yalibadilika. La kwanza, sheria ya mwaka 1945 iliwafanya wote kuwa raia, wanaume na wanawake, wa Tahiti na wa Huahine, na wote wakapata kura. La pili, vijana waliopigania Ufaransa Afrika ya Kaskazini na Ulaya walirudi wakitafuta kazi, na mtoto wa Pouvanaa, Marcel, alikuwa mmoja wa wapiganaji hao. Walikuta kazi za ofisi zinaendelea kupewa watu wanaoletwa kutoka Ufaransa kwa meli, pamoja na mshahara mzuri na nyumba.

Mwezi wa Juni 1947 meli Ville d'Amiens ilitia nanga Papeete, ikiwa na watumishi watatu wa serikali waliotumwa kushika kazi. Watu waliojipanga nyuma ya Pouvanaa walikwenda bandarini na kuwazuia wasishuke. Walisema kazi hizo wenyeji wanaziweza. Utawala uliita jambo hilo uasi. Pouvanaa na wenzake walitupwa gerezani miezi mitano. Mwezi wa Novemba korti iliwaachilia wote, haikuona kosa. Kama lengo lilikuwa kumnyamazisha, matokeo yalikuwa kinyume kabisa. Aliingia gerezani akiwa seremala mwenye maneno makali, akatoka akiwa kiongozi.

Mwaka 1949 mbunge wa visiwa katika bunge la Paris, Georges Ahnne, alikufa. Kiti kilikuwa kimoja tu kwa visiwa zaidi ya mia moja, vilivyotawanyika kwenye bahari pana kama Ulaya, na wakaaji wasiofika elfu 70. Uchaguzi wa kujaza nafasi uliwekwa mwezi wa Oktoba. Aliyesimama mbele ya Pouvanaa alikuwa Charles Vernier, mchungaji Mprotestanti aliyejulikana na kuheshimiwa. Si mpinzani mwepesi katika inchi ambamo watu wengi ni Waprotestanti.

Inafaa kufikiri kidogo juu ya kampeni ya namna hiyo. Uchumi wa visiwa ulikuwa nazi zilizokaushwa, vanila, na fosfati iliyochimbwa Makatea. Mkulima aliuza nazi zake kwa mwenye duka, akanunua unga na mafuta kwa mwenye duka yule yule, mara nyingi kwa deni. Mwenye duka akimuambia apigie nani kura, haikuwa shauri la bure. Kwenda kisiwa hata kisiwa kulihitaji mashua na siku nyingi za bahari. Fundi seremala hakuwa na meli wala gazeti kubwa. Alichokuwa nacho ni lugha. Aliongea Kitahiti kwa watu waliokuwa wamezoea kuhutubiwa kwa Kifaransa, alikula nao, alisali nao. Hakuahidi barabara. Alisema kwamba inchi hii ina wenyewe, na kwamba wenyewe wanaweza kuiongoza.

Alipata zaidi ya kura sita kwenye kila kumi. Papeete ya wafanyabiashara ilishituka. Wiki chache baadaye chama chake kilizaliwa, RDPT, yaani muungano wa kidemokrasia wa wakaaji wa Tahiti. Mwaka 1951 alichaguliwa tena, na 1956 tena. Mwaka 1953 chama chake kilichukua viti 18 kati ya 25 vya baraza la visiwa. Kwa kulinganisha, katika Kongo ya Wabelgiji wenyeji walipiga kura kwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1957, na ilikuwa ya mitaa tu, katika miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville.

Kazi ya ubunge Paris haikumfaa sana, na haifai kuficha jambo hilo. Kilometa zaidi ya 15.000 kutoka kwao, ndani ya ukumbi ambamo kila kitu kilisemwa kwa Kifaransa cha haraka, Metua hakuwa yule wa mikutano ya Huahine. Nguvu yake ilikuwa nyumbani. Huko pia alikuwa na mapungufu yake: hakupenda makaratasi, na kazi nyingi za chama aliwaachia wengine, hasa Jean-Baptiste Céran-Jérusalemy, kijana mwerevu aliyejua kupanga mambo. Baadaye huyo huyo aliachana naye katika saa mbaya kabisa.

Mwaka 1956 Ufaransa ilipitisha sheria mpya kwa makoloni yake, ile iliyojulikana kwa jina la waziri Defferre. Makoloni yakapewa serikali ndogo za ndani. Mwaka 1957 visiwa vikabadilishiwa jina vikawa Polinesia ya Kifaransa, na Pouvanaa akawa makamu wa mkuu wa baraza la serikali. Mkuu mwenyewe alibaki kuwa gavana kutoka Ufaransa. Lakini kwa mara ya kwanza seremala wa Huahine alikuwa na meza ya kutawalia.

Hapo ndipo alipogusa mfuko. Mpaka wakati huo pesa za serikali zilitoka zaidi kwenye ushuru wa bidhaa, maana yake mkulima anayenunua kilo moja ya unga alilipa kama tajiri anayenunua kilo moja ya unga. Serikali ya RDPT ilileta kodi ya mapato, ili mwenye kingi atoe kingi. Wafanyabiashara wa Papeete walikataa. Mwaka 1958 watu walikusanyika mbele ya baraza, mawe yakarushwa, na serikali ikarudi nyuma, kodi ikafutwa. Wapinzani wa Metua walijifunza siku hiyo kwamba serikali yake inaweza kutikiswa kutoka barabarani, na gavana hakuonekana kuhuzunika.

Mwaka huo huo de Gaulle alirudi madarakani na kuuliza makoloni yote swali moja, tarehe 28 Septemba 1958: ndiyo, mbaki pamoja na Ufaransa ndani ya Jumuiya mpya, au hapana, mwende zenu. Tarehe 24 Agosti alikuwa Brazzaville akilitangaza jambo hilo, na maneno yake yalivuka mto. Siku mbili baadaye, Léopoldville, Patrice Lumumba na wenzake walimuandikia waziri wa makoloni wa Ubelgiji kudai kwamba Wakongomani nao wasemeshwe juu ya uhuru wao. Upande wa pili wa dunia, Pouvanaa alikuwa anazunguka visiwa akisema hapana.

Hakuruhusiwa kutumia redio, na katika visiwa vilivyo mbali hivyo redio ndiyo kila kitu. Utawala, wafanyabiashara na sehemu ya chama chake, pamoja na Céran-Jérusalemy, walikuwa upande wa ndiyo. Watu waliambiwa kwamba wakikataa, meli hazitakuja tena, pensheni za askari wa zamani zitakatwa, na hospitali zitafungwa. Haikuwa tishio la hewani: Ginea ilipokataa kwa kura 95 kwa mia, Wafaransa waliondoka na kubeba hata vyombo vya ofisi. Polinesia ilisema ndiyo kwa karibu 64 kwa mia. Lakini karibu 36 kwa mia walisema hapana. Ukiacha Ginea, hakuna koloni ya Ufaransa iliyotoa hapana nyingi kuliko hiyo siku ile.

Ingekuwa siasa ya kawaida, mtu mwenye zaidi ya theluthi ya kura angebaki kiongozi wa upinzani na kungoja uchaguzi unaofuata. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa Oktoba aliondolewa serikalini. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Oktoba kulitangazwa kwamba kuna watu wanaotaka kuchoma mji wa Papeete kwa chupa za petroli. Hakuna mtaa ulioungua. Asubuhi Pouvanaa alikamatwa nyumbani kwake pamoja na wafuasi wake, akashitakiwa kwamba ndiye aliyetoa amri.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Oktoba 1959, mwaka mzima baadaye. Pouvanaa alikana tangu siku ya kwanza, na hakubadilisha neno mpaka kufa kwake. Mashitaka yalisimama juu ya maneno ya watu waliohojiwa na polisi. Hukumu: miaka minane ya kifungo, na juu yake miaka 15 ya kukatazwa kukanyaga visiwa. Alikuwa na miaka 64. Ukijumlisha, angeruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na miaka 87. Waliotoa hukumu hiyo walijua kuhesabu.

Alisafirishwa mpaka gereza la Baumettes, Marseille. Mwaka 1960 kiti chake cha ubunge kiligombewa tena, na wakaaji wakamchagua Marcel, mtoto wake, kana kwamba wanarudisha jina lile lile Paris. Marcel alikufa mwaka uliofuata. Baba yake hakuwa huru kwenda kumzika. Nafasi ilichukuliwa na John Teariki, mtu wa chama kile kile. Baadaye mzee alitolewa gerezani, lakini akalazimishwa kubaki Ufaransa, katika baridi, mbali na lugha yake.

Huku nyuma, visiwa vilibadilika. Ufaransa ilikuwa inapoteza Algeria, na pamoja nayo jangwa ambamo ilijaribia bomu lake la nyuklia. Ilihitaji mahali pengine. Ilichagua Moruroa na Fangataufa, katika Polinesia, na bomu la kwanza lilipasuliwa huko tarehe 2 Julai 1966. Mpaka 1996 majaribio yalifika 193. Tangu hapo swali halijakoma kuulizwa visiwani: je, Metua alitolewa njiani ili bomu lipite? Tarehe hazisaidii sana jibu rahisi, kwa sababu mwaka 1958 majaribio ya Algeria yalikuwa hayajaanza bado. Lililo wazi ni kwamba bomu lilipofika, mtu mmoja aliyeweza kusimamisha visiwa vyote hakuwepo. De Gaulle alipokwenda Tahiti mwezi wa Septemba 1966, ni Teariki aliyemuambia uso kwa uso kwamba majaribio hayo hayatakiwi.

Mwaka 1967 Francis Sanford alichukua ubunge, naye akafanya kurudi kwa mzee kuwa dai lake kubwa mbele ya Paris. Mwisho de Gaulle alikubali, na ndivyo siku ile ya Novemba 1968 ilivyofika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, wakaaji walimpeleka tena Paris, safari hii si kwa pingu bali kama seneta. Alikuwa na miaka 76. Alirudi katika mji uliomfunga, akakaa kwenye kiti cha wazee wa jamhuri.

Kitu kimoja aliendelea kukidai: kesi yake isikilizwe upya. Msamaha alikuwa ameupata, lakini msamaha unapewa mtu mwenye kosa, na yeye alisema hana kosa. Maombi yake yalikataliwa. Alikufa Papeete tarehe 10 Januari 1977, akiwa bado seneta. Miezi michache baadaye, mwezi wa Julai, Polinesia ilipewa sheria mpya iliyoiongezea uwezo wa kujitawala, jambo alilolitafuta karibu miaka 30.

Ndugu zake na wanasiasa wa visiwa hawakuacha. Wanahistoria waliingia kwenye kumbukumbu za serikali, karatasi zilizofungwa zikaanza kusomwa. Mwaka 2014 waziri wa sheria wa Ufaransa, Christiane Taubira, mwenyewe mzaliwa wa koloni ya zamani, Guyane, aliomba korti iangalie tena kesi ile. Tarehe 25 Oktoba 2018, korti ya marekebisho huko Paris ilifuta hukumu ya 1959. Iliona kwamba mashahidi walisukumwa na waliowahoji, na kwamba ushahidi uliomfunga mzee hausimami. Ilikuwa miaka 60 na wiki mbili tangu asubuhi ile ya Oktoba.

Leo sanamu yake iko mbele ya jengo la baraza la Papeete. Barabara kubwa ya wakuu wa serikali, iliyokuwa na jina la Bruat, gavana wa kwanza wa Kifaransa, sasa inaitwa Pouvanaa a Oopa. Jumba la mahakama la Papeete liko kwenye barabara hiyo, na kila hati ya kumuita mtu kortini inayotoka humo inabeba jina la seremala kwenye anwani yake.